Sange wa kiuno cha dhahabu na ekari 150 za pori la kampuni

SWALI

"Shikamoo daktari. Mimi ni mkurugenzi wa kampuni ya familia huku Kilifi, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke. Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita akatuachia ekari 400. Kwenye 250 tunalima maembe na korosho. Ekari 150 zilizobaki hazijawahi kulimwa, ni pori la miti ya mirihi na vichaka. Vijana wa shambani wanasema humuona sange, yule mnyama mdogo mwenye mdomo mrefu, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Mimi nataka tulihifadhi. Kaka yangu mkubwa anasema pori halileti kitu, tuchome makaa kisha tukate viwanja. Mdogo wetu anataka tuzungushe ua wa umeme, tufyeke vichaka vya chini, tulete punda milia na swara, tufungulie watalii. Mhasibu anasema kuna pesa za kaboni. Jirani ametutia hofu kwamba tukisajili hifadhi, shirika la serikali la wanyamapori, KWS, watatwaa ardhi. Na kila asubuhi kina mama wa kijijini huingia kuokota kuni. Je, ekari 150 zinafaa kitu? Na tukiamua kuhifadhi, uamuzi huo tutaulindaje usije ukavunjwa na watakaokuja baada yetu?"

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza mambo mengi, lakini lililo zito kuliko yote umeliweka mwishoni. Kampuni nyingi zinazonijia huuliza wapande miti gani na kibao wakisimamishe wapi. Namna ya kuufunga uamuzi haitajwi kabisa, na ndiyo inayoamua kama pori litakuwapo miaka 30 ijayo. Nitafika huko. Kwanza tulitazame pori lenyewe, kwa sababu nusu ya mabishano yenu nyumbani yatakwisha mkielewa linavyofanya kazi.

Ekari 150 ni kama hekta 60. Kwa ndovu hizo ni hatua chache. Kwa sange ni nchi nzima. Zitazame kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka wa 2008: zina ukubwa wa hekta 30 hadi 300 hivi, na ndani yake mna mimea ambayo nje ya misitu ya pwani hii huipati popote. Magofu ya Gede yamezungukwa na msitu wa hekta 44 hivi, na hapo ndipo mtafiti Galen Rathbun alipowafuatilia masange miaka ya 1970. Alikuta kwamba dume mmoja na jike mmoja hushikamana katika eneo lao na kulilinda dhidi ya wenzao, na kwa wastani eneo hilo lilikuwa hekta 1.7. Usikimbilie kugawanya 60 kwa 1.7 ukaandika jibu kwenye ripoti ya kampuni, maana mahali pengine kila jozi huhitaji eneo kubwa zaidi, na si kila kona ya pori lenu itamfaa. Lakini umepata picha: pori lenu linatosha jozi kadhaa za mnyama ambaye duniani kote hapatikani ila katika misitu ya pwani ya Kenya, na ambaye wataalamu wamemuorodhesha kuwa hatarini kutoweka.

Kinachoua mapori madogo ni upweke. Kundi la wanyama wachache lililozungukwa na mashamba wazi pande zote huweza kumalizwa na ukame mmoja au moto mmoja, na hata likinusurika, vizazi huanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, chukua ramani ya shamba, tembea mpakani, uangalie pori lenu linashikana na nini. Kuna kichaka cha jirani? Kuna kijito cha msimu chenye miti kandokando kinachoelekea msituni? Kama kuna uzi wa kijani hata mwembamba, uzi huo una thamani kuliko ekari kumi za katikati. Uacheni, na pale ulipokatika uacheni uote tena.

Sasa nije kwa mdogo wenu, ambaye nia yake ni njema na mpango wake ungemmaliza sange katika msimu mmoja.

Sange hula wadudu, buibui, majongoo na nyungunyungu anaowafukua kwa ule mdomo wake mrefu chini ya majani makavu. Majani hayohayo ndiyo godoro lake: hukusanya lundo dogo sakafuni, akalala ndani yake, na kwa mbali huwezi kulitofautisha na majani mengine. Vichaka vya chini ndivyo vinavyomficha sange ili mwewe asimuone anapotembea mchana kutafuta riziki, kwani sange huyu si mnyama wa usiku. Ukifyeka vichaka, jua linafika sakafuni, majani yanakauka mpaka yanasagika, wadudu wanaondoka, na sange anabaki mahali peupe bila chakula wala kitanda. Kisha nyasi zinaota. Nyasi zikikauka, moto umepata njia ya kuingilia.

Niliwahi kuitwa na kampuni moja iliyotaka nikague "msitu wake uliotunzwa". Nilikuta miti mizuri mirefu, chini pamefagiwa kama ua wa nyumbani, na viti vya kupumzikia. Wale wafanyakazi walikuwa wamefanya kazi kwa bidii ya kweli, nami nikakosa pa kuanzia kuwaeleza. Nilitembea saa tatu nzima bila kuona hata kiota kimoja cha sakafuni. Sisi watu tumezoea kuona usafi ni utunzaji, na shambani ni kweli. Porini takataka ndiyo mali.

Ukitaka kujua mali hiyo ina thamani gani, nenda Bamburi, Mombasa. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kurudisha uhai katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mvinje ulikubali kuota, lakini majani yake membamba yalianguka yakalundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ilibidi aletewe majongoo. Majongoo yakala majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na polepole miti mingine ikapata pa kushika. Leo watu hupatembelea kwa jina la Haller Park. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na imechukua miaka mingi na mfuko wa kiwanda kikubwa. Yale majongoo nyinyi mnayo tayari. Hamjalipa hata shilingi.

Kuhusu punda milia na swara. Kisheria, wanyamapori wa Kenya ni mali ya taifa, hata wanapolala ndani ya shamba lako. Huwezi kununua swara kama unavyonunua mbuzi ukamwachilia. Kuhamisha mnyamapori kunahitaji kibali cha KWS, na watauliza kama mazingira yanamfaa. Hayamfai. Punda milia ni mla nyasi, na pori la mirihi halina malisho yake mpaka ulifungue. Mtakuwa mmeondoa mnyama asiyepatikana popote pengine ili kumleta anayeonekana kando ya barabara kuu ya Tsavo. Na ua wa umeme? Una mahali pake. Hifadhi ya Lewa ilianza mwaka wa 1983 kwa kuzungushia ekari 5,000 za ranchi ya ng'ombe ili kuwaokoa faru, na bila ua na walinzi faru wale wasingekuwapo. Lakini faru anawindwa kwa pembe yake, na wawindaji wake huja na bunduki. Adui wa sange ni jembe, panga, tanuri la makaa, mtego wa waya na mbwa asiyefungwa. Pesa za ua ziwekeni kwenye mishahara ya vijana wawili wa kijijini watakaotembea pori kila siku wakitegua mitego. Ua utawafungia nje paa wadogo na wanyama wengine wanaopita, ule uzi wa kijani niliousema mkaukata kwa mikono yenu wenyewe.

Kaka mkubwa asipuuzwe. Anafanya hesabu, na kampuni isiyofanya hesabu haitahifadhi chochote kwa muda mrefu. Nisikudanganye: mwaka wowote ule, viwanja vitaleta pesa nyingi kuliko pori. Makaa ni habari nyingine. Kuyachoma kwa biashara kunahitaji leseni ya Shirika la Huduma za Misitu, na kubadili pori la asili kuwa makazi ya watu kutawapeleka NEMA, mamlaka ya mazingira, kwenye tathmini ya athari za mazingira, ambako jina la sange litasomwa. Halafu makaa huuzwa mara moja tu. Mbambakofi na muhuhu havikui kwa kasi ya mnazi. Ukikata leo, mjukuu wako ndiye atakayeona kimo kile tena, kama ataona.

Kwa upande wa faida, hesabuni na vile ambavyo havina risiti. Maua ya mwembe huchavushwa na nzi na nyuki, na wadudu hao hawazaliwi kwenye safu za miembe iliyopuliziwa dawa. Wanatoka porini. Shamba la maembe mara nyingi hunufaika kwa kuwa na pori ubavuni, mradi dawa isipulizwe wakati wa maua. Mizinga ya asali pembezoni mwa pori hulipa kidogo lakini hulipa kila mwaka. Kuna mradi wa Kipepeo hapo Gede, ulioanza mwaka wa 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, nje ya nchi. Pori lenye mimea ya asili ndilo linalowapa mbegu ya vipepeo. Na wapenda ndege husafiri kutoka Ulaya kuja Kilifi kumtafuta bundi wa Sokoke, kibundi cha kukaa kiganjani. Ila hapo pia msikurupuke: bundi huyo hupenda msitu wa miti ya mfunda, nanyi mna mirihi. Kwenye vilele vya mirihi mnaweza kumpata chozi wa Amani.

Huyo chozi ananikumbusha jambo la upande wa pili wa mpaka. Jina lake limetoka Amani, katika Usambara Mashariki, Tanzania. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipoanzishwa mwaka wa 1997, ndani ya hekta zake 8,380 zilijumuishwa takriban hekta 1,065 za misitu iliyokuwa mali ya kampuni za chai. Mkulima wa chai anajua kwamba ukungu na maji ya vijito hutoka msituni, na chai bila hivyo haitoki. Msitu ulibaki kwa sababu ulikuwa sehemu ya biashara. Mwambie kaka yako habari hiyo. Huenda ikamwingia kuliko habari za sange.

Pesa za kaboni zinahitaji uvumilivu kidogo kuzieleza, kwa kuwa mhasibu wenu amesikia nusu. Hakuna anayekulipa kwa sababu una miti. Unalipwa kwa tofauti kati ya kaboni ambayo ingepotea kama usingefanya kitu na ile iliyobaki kwa sababu umefanya, na tofauti hiyo lazima ipimwe, ikaguliwe na watu wa nje, kisha ikaguliwe tena na tena. Gharama ya wapimaji na wakaguzi haipungui sana kwa kuwa shamba ni dogo. Ndiyo sababu mradi wa Kasigau huko Taita Taveta, ulioanza kutoa hati za kaboni mwaka wa 2011, umeshika takriban hekta 200,000 za ranchi zilizo kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, ina hekta 117 tu na imefaulu, lakini ilibebwa na watafiti kwa miaka kabla ya kusimama, na mapato yake ni ya kiasi, yaliyoleta maji na vifaa vya shule kwa vijiji viwili. Hekta 60 za kampuni binafsi, peke yake, sioni zikilipa hata ada ya wakaguzi. Mkijiunga na majirani mkawa na eneo kubwa, ongeeni tena. Na akija mtu na mkataba wa kaboni wa miaka 40 akitaka sahihi wiki hii, msitie sahihi.

Jirani yenu amekosea kuhusu KWS, lakini hofu yake ina mizizi katika historia ya pwani, na sitaki uibeze. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuanzisha hifadhi katika ardhi yake. Kusajili hakuhamishi hatimiliki. Mnyama ni wa taifa kabla ya kusajili na baada ya kusajili. Ardhi ni yenu kabla na baada. Kinachoongezeka ni wajibu: mpango wa usimamizi ulioandikwa, taarifa za mara kwa mara, na kukubali kwamba mnapofanya kinyume cha mpango mtaulizwa. Kinachoongezeka pia ni kutambuliwa, na siku mwekezaji wa barabara au laini ya umeme anapochora mstari kwenye ramani, hilo si jambo dogo. Chama cha hifadhi za wanyamapori nchini, KWCA, kilichoundwa mwaka wa 2013, huwasaidia wanaoanza kuandaa mpango huo.

Hatari ya kweli kuhusu ardhi iko kwingine. Huku kwetu kuna familia zilizoishi vizazi vitatu juu ya ardhi ambayo hati yake imeandikwa jina la mtu aliye mbali. Neno "hifadhi" likitamkwa na kampuni yenye hatimiliki, mtu wa kijijini husikia "fukuzwa". Tena sheria inasema mtu aliyeishi kwenye ardhi waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe wala bughudha anaweza kwenda mahakamani kuidai. Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kusajili chochote: kuna mtu anayeishi au kulima ndani ya hizo ekari 150? Kuna makaburi? Kuna mahali pa tambiko? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, simamisheni kila kitu, mkae na wazee wa kijiji na chifu, na mtafute wakili wa ardhi anayeijua pwani. Hifadhi iliyoanza kwa kumvunjia mtu nyumba huchomwa moto usiku, na sijaona pori lililoponea hapo.

Kina mama wa kuni ni sehemu ya jambo hilohilo. Wasifukuzwe. Hao ndio wanaolijua pori lenu kuliko nyinyi watatu. Wao ndio watakaowaambia mtego uko wapi na nani aliingia na msumeno jana. Lakini kuni zina hesabu yake porini. Gogo kavu lililosimama lina tundu la kiota, lililoanguka lina mchwa na mbawakavu ambao ni chakula cha nusu ya wakazi wa pori. Wakichukua vijiti vya chini vilivyoanguka, pori linastahimili. Likiondoka kila gogo kila siku, linafilisika kimyakimya huku miti ikiwa bado imesimama. Nimeona mapatano yakifanikiwa pale yalipokuwa madogo na ya wazi: siku mbili kwa wiki, ukanda wa nje tu, vijiti visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, bila panga. Wakati huohuo, kwenye zile ekari mnazolima, tengeni mbili au tatu za mvinje kwa ajili ya kuni na fito za kijiji. Mvinje unakua upesi, na huku Kilifi watu wanajua kuulima. Msipande mwarobaini karibu na pori hata kama ni dawa ya magonjwa 40. Ndege hula matunda yake wakaenda kupanda mbegu msituni, na ukishaingia huziba nafasi ya miche ya asili. Iliyomo ing'oeni ikingali midogo.

Kitu kimoja ambacho hukukiuliza: kama porini kuna bonde dogo linalojaa maji wakati wa mvua, msilifukie wala kuligeuza bwawa la umwagiliaji. Mnana wa Clarke, ndege anayepatikana kaunti ya Kilifi peke yake, alijulikana kwa wataalamu kwa takriban miaka 100 bila yeyote kujua anazalia wapi. Mwaka wa 2013 wakazi wa Dakatcha, pori lililo humohumo Kilifi, pamoja na shirika la uhifadhi la Nature Kenya wakakuta viota vyake kwenye kinamasi cha msimu, kati ya mimea ya majini. Ni aina ya mahali ambapo kampuni ingeita ardhi mbovu.

Sasa tuufikie uamuzi na namna ya kuufunga. Azimio la bodi ni jepesi kuliko karatasi iliyoandikiwa. Nyinyi wakurugenzi watatu mnaweza kulipitisha leo, na wawili wenu mkalifuta mwakani bei ya korosho ikianguka. Kusajiliwa kama hifadhi kuna uzito zaidi, lakini mmiliki anaweza kujiondoa, na mnunuzi mpya anaweza asiendelee. Kinachofunga kweli ni makubaliano ya kisheria yanayoandikwa juu ya ardhi yenyewe ili kulinda mazingira, yanayomfuata yeyote atakayeimiliki. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inayatambua. Yanaweza kuwa ya muda maalumu au ya kudumu, na yanasajiliwa kwenye hati. Ardhi inabaki yenu, mnaweza kuiuza au kuirithisha, ila atakayeipokea anaipokea pamoja na sharti kwamba pori halifyekwi. Upande wa pili lazima awepo mtu wa kulisimamia sharti hilo, kwa kawaida shirika la uhifadhi au taasisi, na hapa ndipo pa kuchagua kwa makini, maana mnamkabidhi haki ya kuwashitaki wajukuu zenu.

Sharti hili lina gharama, na mhasibu awaambie wazi. Bei ya ekari hizo itashuka, na benki inaweza kukataa kuzichukua kama dhamana. Ndugu wakigombana juu ya urithi, hazitagawanyika kwa urahisi. Baadhi ya familia nilizozishauri waliona gharama hiyo wakarudi nyuma, nami sikuwalaumu.

Kuna njia ya katikati, na ndiyo ninayoiona ikiwafaa nyinyi. Mwaka wa 2000 huko Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kiasi kidogo kwa kila ekari kila mwaka, ili wasizungushe ua wala kukata viwanja, wanyama waendelee kupita. Huko Simanjiro, Tanzania, mwaka wa 2005 kampuni kadhaa za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat kukilipa kila mwaka ili tambarare zisilimwe. Nyumbu na punda milia wa Tarangire wakapata pa kuzalia, na ng'ombe wa Wamasai wakaendelea kulisha palepale. Mikataba ya namna hiyo ina mwisho, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: malipo yakikatika, jembe linarudi. Lakini faida yake ni kwamba watu hujifunza kuishi na ahadi kabla ya kuifanya ya kudumu.

Kwa hiyo ningekuwa nyinyi, ningemwachia kaka mkubwa neno lake mahali fulani. Chagueni sehemu ya pori iliyo duni zaidi, iliyokwisha kukatwakatwa karibu na barabara, pengine ekari 20, ibaki huru kwa matumizi ya kampuni. Zile 130 zilizobaki, zikiwa na ule uzi wa kijani, wekeni sharti la miaka 25 kwenye hati. Miaka hiyo inatosha kwa watoto wenu kukua wakilijua pori, nao wataamua kulifanya la kudumu wakiwa na macho yao. Mdogo wenu apewe kazi ya wageni: wachache, kwa miguu, asubuhi na mapema, kwenye njia moja nyembamba isiyofagiwa. Nawe usimamie mapatano na kijiji. Ndugu watatu walioachiwa kazi tatu hushikilia ahadi kuliko ndugu watatu waliopigishwa kura.

Kabla ya sahihi yoyote, waleteni watu shambani. Barua hii haiwezi kuona udongo wenu. Mnahitaji mtaalamu wa mimea na wa wanyama atembee pori misimu yote miwili, wa mvua na wa kiangazi. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wako Watamu, na wao wenyewe wamenunua ardhi Dakatcha kwa ajili ya kuihifadhi, kwa hiyo wanajua maswali ya mmiliki. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Gede. Mpima ardhi aweke mawe ya mpaka upya, kwa sababu ugomvi wa mpaka ukigunduliwa baada ya usajili ni mchungu mara mbili. Wakili asiwe yule wa mikataba ya maembe, awe wa ardhi na mazingira. Na mkikuta ndovu ameingia, au mnyama aliyejeruhiwa na waya, msimsogelee, pigieni KWS.

Wakati mnawasubiri hao, wewe mwenyewe amka kabla ya jua, nenda ukakae chini ya mrihi mmoja bila simu wala maongezi. Sange akikuona atakimbia kwa kurukaruka, na utasikia mkia wake ukipiga majani makavu. Ukimkosa, tafuta malundo ya majani yenye ukubwa wa sahani pana, yaliyoinuka kidogo kuliko mengine. Usiyaguse. Andika tarehe, mahali na idadi kwenye daftari moja, na uwaombe wale vijana na kina mama wa kuni wakuambie wanachokiona ili uandike majina yao kando. Mtaalamu atakapofika, hilo daftari ndilo la kwanza atakaloomba.